Kifyatulio Chepesi, Risasi Isiyogoma

Kwenye uwanja wa shabaha kuna sauti ndogo inayomshtua mlengaji kuliko mlio wa bastola yenyewe: "tik". Umelenga vizuri, umevuta, nyundo imeanguka, kisha kimya. Mimi ilinikuta siku niliyofika uwanjani na furaha zangu, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimeiwekea bastola yangu springi laini, na kifyatulio kilikuwa chepesi kama nilivyokitamani kwa muda mrefu. Risasi sita zililia. Ya saba ikagoma.

Nilisubiri, nikaitoa, nikaiweka mezani kando ya ganda la ile iliyoitangulia. Kwenye ganda, katikati ya fataki, pini ilikuwa imeacha shimo la mviringo lenye kina, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Kwenye risasi iliyogoma kulikuwa na kidoa tu, mfano wa nukta ya kalamu. Fundi mmoja mzee aliyesimama nyuma yangu akainama, akavitazama vyote viwili, akaniambia, "Kijana wangu, ulichokipunguza kwenye kidole umekipunguza na kwenye nyundo."

Kila nitakalokueleza hapa linatokana na maneno hayo. Mwenye bastola anatamani kifyatulio laini, na ana haki ya kutamani, kwa sababu kifyatulio kizito kinayumbisha mkono na kuipotosha shabaha. Lakini wepesi una bei yake, na bei hiyo hulipwa pale risasi inapotakiwa kuwaka. Kazi yako ni kuutafuta wepesi ule usiokugharimu uhakika, na habari njema ni kwamba upo mwingi kuliko unavyodhani.

Springi moja, kazi mbili

Mfano wangu ni CZ 75, kwa kuwa ndiyo bastola niliyoizoea, na kwa kuwa watu wengi Kenya wanaijua kwa jina la Ceska. Ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, ikatoka mwaka 1975 katika mji wa Uherský Brod, nchi ikiwa bado inaitwa Chekoslovakia. Inatumia risasi ya milimita 9. Nyundo yake inaonekana nje, na kifyatulio chake kina mivuto ya aina mbili. Nyundo ikiwa chini, kidole chako kinaikoki na kuiachia kwa mvuto mmoja, mrefu na mzito. Risasi ya kwanza ikishalia, slaidi inarudi nyuma na kuikoki nyundo yenyewe, kwa hiyo mivuto inayofuata inakuwa mifupi na miepesi.

Ndani ya mpini, nyuma ya magazini, imekaa springi kuu inayoisukuma nyundo. Unapovuta mvuto mrefu, sehemu kubwa ya uzito unaousikia kidoleni ni springi hiyo unayoikandamiza. Nyundo inapoachiwa, springi hiyohiyo ndiyo inayoirusha kwenye pini, na pini kwenye fataki. Nguvu haina chanzo kingine. Ukiweka springi laini, kidole kinapumzika na nyundo inapoteza nguvu kwa pamoja.

Sasa tazama fataki yenyewe, kile kiduara kidogo kilicho katikati ya kitako cha risasi. Ni kikombe cha madini membamba chenye kemikali inayolipuka ikibanwa, na juu ya kemikali kuna kipande kidogo cha chuma kinachofanya kazi ya fuawe. Pini inapokibonyeza kikombe, kemikali inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inawaka, na mwali wake unapita kwenye tundu dogo na kuiwasha baruti. Pigo likiwa dhaifu, kikombe kinabonyea kidogo na kemikali haibanwi vya kutosha. Hapo ndipo "tik" inapozaliwa.

Kabla ya kugusa chochote

Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi nyuma. Ukiugeuza utaratibu huu, risasi moja itabaki ndani ya chemba huku ukiamini bastola ni tupu. Angalia chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uipapase. Risasi zote ziwe chumba kingine, siyo kwenye kona ya meza unayofanyia kazi. Mdomo wa mtutu uelekee mahali ambapo risasi, hata ikitoka, haitamdhuru mtu. Rudia ukaguzi kila unapoondoka na kurudi, hata kama ulikwenda kuchukua kitambaa tu.

Jambo la pili ni sheria. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote huko leseni yako inakuruhusu kumiliki na kutunza. Ukarabati na ubadilishaji wa vipuri peleka kwa fundi aliyeruhusiwa, na uulize kabla ya kununua kipuri. Kusafisha, kulainisha, kupima na kufanya mazoezi ni kazi zako, nazo ndizo zitakazokuletea nafuu kubwa zaidi.

1. Pima ulichonacho

Watu wengi husema "kifyatulio changu kizito" bila kujua kina kilo ngapi. Kipimo hakihitaji kifaa cha ghali. Chukua dumu la plastiki lenye mpini, funga waya mnene uliokunjwa kama ndoano, na uitundike ndoano kwenye kifyatulio pale kidole kinapokaa. Bastola iwe tupu, umeihakikisha mara mbili, imesimama wima mdomo ukitazama juu. Mimina maji taratibu mpaka nyundo ianguke. Kisha pima dumu, maji na ndoano vyote pamoja kwenye mizani ya jikoni. Rudia mara tano, uandike wastani.

Kwa CZ 75 ya kawaida usishangae mvuto mrefu ukikaribia kilo 5 na mvuto mfupi ukawa karibu kilo 2. Yaandike matokeo yako kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu baada ya kusafisha utataka kulinganisha.

Ujue pia kwamba hata kwenye mashindano wepesi una kikomo. Shirikisho la kimataifa la shabaha, ISSF, linataka kifyatulio cha bastola ya mita 25 kisipungue gramu 1,000, na cha bastola ya hewa ya mita 10 kisipungue gramu 500. Katika mashindano ya IPSC, daraja la Production, nako kuna uzito wa chini uliowekwa. Hao ni watu wanaoshindania sehemu za sekunde, na bado wamewekewa sakafu.

2. Sikiliza kifyatulio kwa kidole

Uzito ni sehemu moja tu ya hisia. Vuta polepole, bastola ikiwa tupu na nyundo imekokiwa, uhesabu hatua. Kwanza kuna mwendo mtupu, ambapo kifyatulio kinasogea bila kazi. Halafu unafika ukutani, pale kidole kinapokutana na upinzani. Baada ya ukuta kuna mwendo mfupi kabla nyundo haijaachiwa, na hapo ndipo mikwaruzo husikika, kama mchanga chini ya kiatu. Kisha nyundo inaachiwa. Kifyatulio kinaendelea nyuma kidogo, na ukikirudisha mbele polepole unasikia mlio mdogo kinapojipanga upya kwa mvuto unaofuata.

Mlengaji anayelalamika kuhusu uzito mara nyingi anasumbuliwa na mikwaruzo. Kilo 2 zinazokatika safi, kama njiti ya kiberiti, ni rafiki kuliko kilo moja na nusu inayokwama mara mbili njiani. Mikwaruzo huondoka bila kugusa springi, kwa hiyo anzia hapo.

3. Safisha kwa ukamilifu

Kwenye CZ 75, upande wa kushoto nyuma, kuna mistari miwili midogo, mmoja kwenye slaidi na mwingine kwenye fremu. Rudisha slaidi nyuma mpaka mistari ilingane, kisha sukuma kizuizi cha slaidi kutoka upande wa kulia kitokee kushoto. Slaidi itatoka mbele, na utaweza kuufikia mtutu na springi yake.

Masizi ya kwenye mtutu kila mtu anayaona na kuyasugua. Yanayosumbua kifyatulio yako kwingine. Angalia eneo linalozunguka nyundo, na chuma kirefu kinachounganisha kifyatulio na nyundo, ambacho hupita pembeni mwa magazini. Humo hukusanyika masizi yaliyochanganyika na mafuta ya zamani na nyuzi za nguo, hasa kwa anayebeba bastola kiunoni kila siku. Brashi laini ya meno, vijiti vya pamba na dawa ya kusafishia bunduki vinatosha. Usisugue kwa msasa popote.

Halafu njoo kwenye njia ya pini, lile tundu ndani ya slaidi ambamo pini husafiri. Hapa ndipo ugomaji mwingi unapoanzia, kwa sababu wengi wetu tunaamini mafuta ni dawa ya kila kitu, tunajaza mafuta humo, nayo yanashika vumbi na masizi mpaka yanakuwa uji mzito. Pini inayoogelea kwenye uji inafika kwenye fataki ikiwa imechoka. Kama umefundishwa kuitoa pini, itoe, isafishe, ikaushe. Kama hujafundishwa, shikilia slaidi pini ikitazama chini, pulizia dawa ya kusafishia ndani ya tundu, iache ichuruzike yote, kisha ikauke kabisa. Ndani ya njia ya pini usiache mafuta.

Kwingine weka tone moja moja: kwenye reli za slaidi, kwenye mhimili wa nyundo, kwenye mhimili wa kifyatulio, na pale chuma kirefu kinapogusana na fremu. Ukikifuta kidole baada ya kukishika chuma na kikabaki na utelezi tu bila kuchuruzika, kipimo ni hicho. Kwa tunaoishi pwani, jasho na hewa ya chumvi vinakula chuma haraka, kwa hiyo futa kwa nje kila siku unapoivua. Na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, maana fataki nyingi zina madini ya risasi ndani yake na masizi yake ni sumu.

Pima tena kwa dumu la maji. Uzito huenda usishuke sana, lakini kidole kitakuambia tofauti.

4. Acha vyuma vizoeane

Bastola mpya ina makali madogo kwenye vyuma vinavyosuguana, na mivuto mia kadhaa huyalaza yenyewe. Fanya mazoezi makavu nyumbani, dakika kumi kwa siku, ukiwa na risasi bandia za plastiki au alumini ndani ya chemba. Usifyatue chemba tupu mamia ya mara kwenye CZ 75 B, aina iliyoanza miaka ya 1990. Pini yake inashikiliwa na kipini kidogo chenye uwazi katikati, na kufyatua hewani kunakipiga mpaka kinapinda. Kikishapinda, pini inasafiri kwa shida, na utakuwa umetengeneza ugomaji kwa mikono yako mwenyewe.

Mazoezi haya yana faida ya pili. Weka sarafu juu ya slaidi, karibu na ncha ya mbele, uvute bila kuiangusha. Siku utakapoweza mara ishirini mfululizo kwa mvuto mrefu, utagundua kwamba kile kifyatulio "kizito" kimepungua uzito bila kubadilishiwa kitu. Kidole kiguse kifyatulio kwa nyama ya ncha, kivute moja kwa moja nyuma, na mkono uliobaki utulie.

5. Zichunguze risasi

Fataki hazifanani. Kwa walengaji wa mashindano inajulikana kwamba fataki za Federal ni laini na za CCI ni ngumu zaidi, na bastola yenye springi laini inaweza kuzipenda za kwanza na kuzikataa za pili. Kwa hiyo ugomaji unaotokea kwa aina moja tu ya risasi una ujumbe: nguvu ya nyundo iko mpakani.

Risasi pia zinazeeka kwa kutunzwa vibaya. Mafuta membamba ya kupenyeza yanaweza kuingia pembeni mwa fataki na kuiua, kwa hiyo usizipake risasi mafuta wala usizipakie kwenye magazini inayochuruzika. Na anayeitoa na kuirudisha risasi ileile kwenye chemba kila jioni na asubuhi, mwaka mzima, anaichosha: kichwa cha risasi kinasukumwa ndani ya ganda na msukumo wa baruti unaweza kupanda kupita kiasi. Ilinganishe kwa urefu na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa fupi, itenge.

6. Springi: punguza kwa hatua, na uthibitishe

Umesafisha, umezoeza vyuma, umechagua risasi, na bado unataka wepesi. Sasa ndiyo zamu ya springi kuu. Mwambie fundi ashuke hatua moja tu chini ya ile ya kiwandani, kisha ujaribu. Springi ya kiwandani imewekewa akiba ya nguvu ili iwashe fataki ngumu, kwenye vumbi, kwenye baridi, baada ya miaka ya matumizi. Unapopunguza unaila akiba hiyo. Bastola ya mashindano inaweza kuishi na akiba ndogo, kwa sababu ikigoma utapoteza pointi. Bastola ya kujilindia iache na springi ya kiwandani. Huo ni msimamo wangu, na sijaona hoja ya kunibadilisha.

Usikate springi kwa koleo ili kuifanya fupi. Springi iliyokatwa haina kipimo, na ncha yake inakwaruza inapokaa. Usiguse pia springi ya kuirudisha pini, ambayo inaizuia isichome fataki slaidi inapofunga. Na ile springi ndogo inayorudisha kifyatulio mbele, kwenye CZ 75 hukatika baada ya matumizi mengi. Weka ya akiba, na ukisikia kifyatulio kinalegea bila kurudi, usiipakie bastola tena mpaka ibadilishwe.

7. Usivyogusa

Kuna kona mbili za chuma, moja ya nyundo na nyingine ya kishikizi kinachoizuia, zinazogusana kwa upana mdogo sana. Kona hizo ndizo zinazoamua lini nyundo iachiwe. Nyuso zake zimefanywa ngumu kwa moto, na pembe zake zimepimwa. Mtu anayezipitishia tupa au msasa ili "kung'arisha" anaweza kuondoa ule ugumu, au akabadilisha pembe. Kwa siku chache kifyatulio kitakuwa kizuri ajabu. Kisha siku moja slaidi itafunga na nyundo itafuatana nayo, au bastola itatoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, na ya pili itakwenda usikokutazama.

Usiondoe pia kizuizi cha pini kwenye aina ya B. Ni kweli kinaongeza mkwaruzo kidogo, na ni kweli bastola za mashindano za CZ za familia ya Shadow hazina. Lakini hizo zimebuniwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye yako kizuizi kipo ili bastola ikianguka sakafuni pini isisogee.

Risasi ikigoma

Ukisikia "tik" uwanjani, usigeuke wala usiangalie mdomo wa mtutu. Iweke bastola ikitazama shabaha, hesabu sekunde 30, kwa sababu fataki inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Kisha toa magazini, vuta slaidi, itoe risasi, uisome.

Alama hafifu katikati inamaanisha pigo dhaifu: njia ya pini ni chafu, springi imechoka au ni laini mno, au ncha ya pini imekatika. Alama ya kina cha kawaida inaielekeza lawama kwenye risasi. Alama iliyo pembeni inaonyesha kwamba slaidi haikufunga sawasawa. Pasipo alama kabisa, pini haikufika, na hiyo ni kazi ya fundi. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, "pfu", acha kufyatua papo hapo. Kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Mtihani wa mwisho

Baada ya badiliko lolote, fanya ukaguzi na bastola tupu. Koki, sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba: isianguke. Koki, weka sefti, vuta: isianguke. Achia slaidi ifunge kwa nguvu zake mara tano, kila mara ikiwa na risasi bandia: nyundo ibaki imekokiwa.

Kisha nenda uwanjani na risasi 200 za aina utakayoitumia. Hamsini kati yake zipige kwa mvuto mrefu, ukiishusha nyundo kila mara kwa kidole gumba huku mdomo ukitazama shabaha, maana kwa mvuto mrefu nyundo ya CZ 75 hairudi nyuma sana kama inapokokiwa, na pigo lake ni dogo kidogo. Udhaifu utajitokeza hapo kwanza. Ikigoma moja kwa sababu ya pigo hafifu, rudisha springi ya zamani na uanze kuhesabu upya.

Mimi niliirudisha yangu. Nikaisafisha njia ya pini ambayo sikuwahi kuifungua tangu niinunue, na kilichotoka kwenye kijiti cha pamba kilikuwa cheusi na kizito kama asali iliyoungua. Miezi miwili ya mazoezi ya sarafu ikafuata. Leo kifyatulio changu kina uzito uleule kilichotoka nao kiwandani, daftari linathibitisha, na shabaha yangu imekaza kuliko siku ile ya springi laini. Lile ganda na ile risasi iliyogoma nilimwachia mzee fundi. Ameziweka dirishani pa karakana yake, na kila kijana anayekuja kuomba springi laini huonyeshwa kwanza zile alama mbili.